Upinde wa Mkone

Mkone haupasuliwi mbao wala hauchongwi mlango. Katika vichaka vya Ganze na Bamba, bara ya Kilifi, huota mashina mengi kutoka kisiki kimoja, majani yamejaa vumbi, na mpita njia hana sababu ya kuutazama mara mbili isipokuwa msimu ambao matunda yake yameiva na watoto wameingia ndani kuchuma. Gome lake hufungia kuni na fito za nyumba za udongo. Mipini hutoka kwenye mashina yake, na bakora za wazee pia. Lakini kazi ambayo mti huu uliimudu kuliko miti mingi ya nyika yetu ni upinde, na hiyo ndiyo kazi ambayo vijana wengi wa leo hawajapata kuiona ikifanyika.

Mimi niliiona. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mgiriama wa Ganze aliyechonga pinde tangu ujana wake, na mwishoni mwa miaka ya sabini, kila shule ilipofungwa, nilikwenda kukaa naye. Tangu hapo nimechonga pinde nyuma ya nyumba yangu mjini Kilifi, nyingi zikiwa za watoto: wangu, wa ndugu zangu, wa majirani. Sijawahi kuwinda. Ninachokithamini katika upinde ni yale niliyofunzwa wakati wa kuuchonga, nami nitayaeleza kwa utaratibu ambao kazi yenyewe huufuata, maana yakitolewa nje ya kazi hubaki maneno matupu.

Kazi huanza kwa kutembea. Babu alichukua panga siku ya kukata tu. Siku za kutafuta alikwenda mikono mitupu, kwa sababu, alisema, mwenye panga hukata mti wa kwanza anaouona. Alilitaka shina lililo katikati ya kichaka. Shina la katikati hukimbilia mwanga likanyooka, matawi ya chini hayapati jua, na pasipo tawi hapana fundo. Unene aliotaka ni wa mpini wa jembe au zaidi kidogo. Urefu ni kutoka ardhini hadi kwenye nyusi za atakayeutumia. Kisha alilisoma gome. Mistari ya gome ikipanda wima, nyuzi za mti zilizo ndani nazo zimepanda wima. Mistari ikizunguka shina, nyuzi nazo zimezunguka, na upinde utakaotoka humo utajipotoa kila ukivutwa. Shina la namna hiyo aliliacha hata kama lilikuwa zuri kiasi gani kwa macho. Aliweza kurudi nyumbani jioni hana kitu, na bibi hakumwuliza neno.

Kukata kulifanyika wakati wa kaskazi, Januari au Februari, nchi ikiwa kavu na mti una maji machache. Ncha mbili za kipande zilipakwa nta ya nyuki siku ile ile. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye: maji hutoka upesi zaidi penye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, ncha hukauka na kunywea kabla ya katikati, na hapo ndipo mti hupasuka. Siku hizi natumia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, nayo hufanya kazi vizuri. Baada ya hapo kipande kiliwekwa kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mahindi, moshi ukipita chini yake, na kikasahauliwa hadi kaskazi ya mwaka uliofuata. Moshi hufukuza wadudu watoboao miti. Kipande kikichongwa kibichi hupinda vizuri, lakini hakirudi. Ukikiachia hubaki kimepinda. Kwa mtoto wa shule, mwaka mzima ni umri. Babu alikuwa na vipande kadhaa juu ya uchaga, vya miaka mbalimbali, ili pasikose kilicho tayari.

Wakati huo kulikuwa na jambo jingine nyumbani kwake ambalo sikulielewa mara moja. Alichonga pinde, lakini podo lake lilining'inia ukutani halina mishale. Mwezi wa Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyamapori. Kabla ya hapo kulikuwa na vibali na leseni, ingawa kwa watu wa nyika mambo yalianza kubana zamani zaidi, tangu Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Majirani zetu Waata ndio walioumia kuliko wote. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde. Pinde zao zilikuwa na uzito wa kuvuta wa zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na kuendelea, uzito ambao watu wazima wengi wenye afya hawawezi kuufikisha nusu ya njia. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kubwa dhidi ya ujangili huko Tsavo, na Waata wengi wakafungwa jela. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, uliokusudiwa kuwaruhusu wawinde kihalali na kwa kipimo. Haukudumu.

Babu alikuwa na rafiki Mwata, mzee mwenzake, aliyekuja mara kwa mara kutoka upande wa mto Sabaki. Waliketi chini ya mkwaju wakazungumza kwa sauti ya chini, na mara nyingine yule mzee aliomba apewe upinde ambao babu alikuwa anauchonga, akauinua, akauvuta nusu, akaurudisha bila kusema chochote. Naiunga mkono sheria ya 1977. Nimeishi vya kutosha kuona kilichowapata ndovu na faru pale bunduki zilipoingia, na sina hamu ya kuona mshale ukirushwa kwa mnyama. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba sheria ile ilipoizuia kazi moja iliua na nyingine ambayo haikuwa na hatia. Kuchonga upinde si kuwinda. Kijana anaweza kujifunza kuusoma mti, kuunyoosha unyasi juu ya makaa, kusokota ugwe usiokatika, asimdhuru hata njiwa. Kwa kuwa hakuna aliyesimama kuvitenganisha viwili hivyo, vyote viliondoka pamoja.

Turudi kwenye mti. Kipande kikishakauka, kina pande mbili zisizofanya kazi moja. Upande utakaomwelekea mlengwa ni mgongo. Upande utakaokuelekea wewe unayevuta ni tumbo. Upinde ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Mti huvumilia kubanwa hata ukikunjika kidogo, lakini penye kunyooshwa, uzi mmoja wa mti ukiwa umekatwa, ufa huanzia pale na kukimbia. Kwa hiyo mgongo hauchongwi. Gome hubanduliwa kwa uangalifu, kwa mgongo wa kisu, na chini ya gome mti huachwa kama ulivyoota, uzi mmoja ukitoka ncha hii hadi ncha ile bila kuguswa. Penye fundo, kinundu chake huachwa kimeinuka. Fundi asiyejua hukipiga randa ili upinde upendeze, na kwa kufanya hivyo ameshaandika mahali utakapovunjikia.

Kuchonga kote hufanyika tumboni. Babu alianza kwa panga, akaendelea kwa tezo, kisha kisu, na mwisho kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho hukwangua unyuzi mwembamba kuliko randa yoyote niliyopata kuitumia. Mimi hata leo, na vifaa vyote vya useremala nilivyonavyo, mwisho wa kazi hurudi kwenye chupa. Katikati huachwa mnene, upana wa kiganja kinachoshika. Kutoka hapo mikono miwili ya upinde huteremka ikipungua pole pole hadi kwenye ncha. Kusugua ni kwa majani ya msasa kama unayapata, au msasa wa dukani.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo seremala yeyote angeifanya. Inayofuata ndiyo kazi ya upinde wenyewe, na babu aliiita kuufunza mti kupinda. Unaweka ncha moja chini, unaukandamiza mti taratibu, unatazama. Kisha unaufunga ugwe mrefu uliolegea na kuuvuta kidogo, inchi chache tu. Babu aliushikiza upinde kwenye mhimili wa mlango, akauvuta, nami akanituma nisimame mbali, karibu na zizi la mbuzi, kwa sababu aliye karibu na upinde haoni umbo lake. Nilitakiwa nitazame kama pindo limeenea mkono mzima au limekusanyika mahali pamoja. Pale mti ulipobaki umenyooka kama rula wakati sehemu nyingine zimepinda, tulipatia alama ya mkaa, tukakwangua nyuzi chache, chache kweli, kisha tukauvuta upinde tena na tena kwa upole kabla ya kutazama upya. Mti haukuonyeshi mara moja ulichouondolea. Unahitaji kupindapinda kwanza, ndipo badiliko lijitokeze. Fundi mwenye haraka hukwangua, akatazama, akaona hakuna tofauti, akakwangua tena, na tofauti zote mbili hutokea kwa pamoja akiwa amekwisha kupita kipimo.

Siku moja niliona kwamba mkono wa chini ulikuwa unapinda mno mahali pamoja, karibu na katikati yake. Nikamwuliza babu kama tupafunge ngozi ya mbuzi pale, tupatie nguvu.

"Pale hapana ubaya, mjukuu wangu," akasema. "Pale ndipo panapofanya kazi. Waliolala ni wale wengine."

"Sasa tufanyeje?"

"Wachonge waliolala."

Tukakwangua juu ya mahali pale na chini ya mahali pale, kote ambako mti ulikuwa mgumu, wala pale penyewe hatukupagusa. Jua lilipokuwa linateremka, pindo lilikuwa limeenea mkono mzima, na ile sehemu iliyokuwa ikielemewa ilikuwa inapinda kiasi cha wenzake. Hakuna kilichoongezwa. Huwezi kuurudishia mti ulichouondolea, na kitambaa au ngozi unayoifunga juu haibebi mzigo wa maana. Njia pekee ya kuupunguzia mzigo unyonge ni kuupunguza ugumu ulio jirani yake, mpaka wote washiriki. Bei yake ni kwamba upinde mzima hupungua nguvu. Ulitaka wa kilo 25, utapata wa 20. Mafundi wengi hawataki kuilipa bei hiyo, na pinde zao huvunjika pale pale walipopaona mapema.

Miaka mingi baadaye mama yangu aliugua, ugonjwa mrefu wa kitandani. Sisi watoto wake wanne tulikuwa tumetawanyika: wawili Mombasa, mimi Kilifi, na kitinda mimba wetu, dada, ndiye aliyebaki naye Ganze. Kila mmoja alifanya kwa kadiri alivyoona ni haki yake. Pesa zilitumwa. Simu zilipigwa. Dada alimwogesha mama, akamgeuza usiku, akampikia uji, akalima, na akaanza kukonda. Tulipoitisha kikao cha familia, mazungumzo yote yalikuwa juu ya namna ya kumtia nguvu dada: aongezewe pesa, aletewe mfanyakazi, aombewe. Yote yalikuwa maneno mema. Kaka yetu mkubwa, ambaye ana moyo mzuri na ratiba isiyogusika, ndiye aliyependekeza mengi ya hayo.

Nikasema niliyojifunza kwenye mhimili wa mlango wa babu. Dada hana udhaifu wa kutibiwa. Yeye ndiye anayepinda kwa sababu sisi watatu tumenyooka. Tukiongeza chochote juu yake bila sisi kupunguza ugumu wetu, atavunjika, na siku hiyo tutashangaa. Kukawa kimya. Kisha kaka akauliza swali la kifundi kabisa: kila mmoja apinde kwa kiasi gani? Tukapangana kwa wiki. Kaka akachukua likizo bila malipo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Mdogo wetu wa Mombasa alifunga kibanda chake cha simu siku kadhaa za kila mwezi. Mimi nikalala Ganze wiki yangu nikajifunza kumgeuza mama bila kumuumiza. Wote tulipungukiwa. Biashara ya mdogo wangu haikurudi ilivyokuwa. Lakini mama aliondoka akiwa amezungukwa na watoto wanne waliochoka kwa kiasi kinacholingana, na dada yetu yu mzima hadi leo.

Tangu wakati huo nimeona jambo hilo hilo mahali pengi, katika kamati za maji, katika shule, katika ndoa. Penye mtu mmoja anayeelemewa watu hukusanyika kumtia moyo. Mara chache sana utamsikia mtu akiuliza ni nani aliyenyooka.

Ugwe hauna hadithi ndefu. Babu alitumia kano za mgongo wa ng'ombe, alizozikausha, akazipasua kwa kucha na kuzisokota nyuzi mbili: kila uzi ulisokotwa kuelekea kulia, kisha mbili hizo zikapitishwa moja juu ya nyingine kuelekea kushoto, ili kila mmoja ukitaka kufumuka umkaze mwenzake. Kano hazivutiki ovyo, na hiyo ndiyo sifa ya ugwe. Tatizo lake ni mvua, maana zikilowa hulegea. Mimi hutumia katani. Mashamba ya Vipingo yako karibu nasi, na katani nzuri iliyosokotwa vizuri na kupakwa nta inatosha kabisa kwa upinde wa mtoto. Nailoni ya wavuvi ina nguvu kuliko vyote, lakini huvutika, na ugwe unaovutika hunywa nguvu iliyopaswa kuingia kwenye mshale.

Baada ya kazi ugwe hufunguliwa. Upinde usilale umefungwa ugwe, na usishikwe umevutwa ukizungumza na mwenzako. Watu wa pwani wote wanaijua habari ya Fumo Liyongo, jinsi alivyochomwa sindano ya shaba kitovuni, akaenda hadi kisimani akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Babu aliipenda sana habari hiyo na aliisimulia kila mara tulipokuwa tunafungua ugwe. Kila mara alimaliza kwa kusema kwamba mle kisimani vilikufa viwili, Liyongo na upinde wake, kwa kuwa hakuna mti unaoweza kukaa umevutwa siku zote zile ukabaki na uhai. Ni kweli. Nyuzi za tumbo zikibanwa muda mrefu hukubali umbo lile, na upinde ukiachiwa hubaki umeinama.

Sasa mishale. Watu hudhani upinde ndio ugumu na mshale ni nyongeza, ilhali upinde mbaya ukipewa mishale mizuri utalenga, na upinde mzuri ukipewa mishale mibaya hautalenga kamwe. Wano, yaani ule mti wa mshale, hutoka kwenye machipukizi yaliyonyooka ya mkone huo huo, au kwenye matete ya kando ya mto yenye kipande cha mti mgumu kilichochomekwa mbele. Hakuna chipukizi lililonyooka kabisa. Unalipitisha juu ya makaa hadi likawa la moto mkononi, unalipinda kinyume cha kombo lake kupita kidogo unapopataka, unalishikilia hapo mpaka lipoe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, ambao baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa upinde na sheria ya nchi yao inawaruhusu, hunyoosha kwa meno. Babu alitumia goti. Kesho yake unakuta kombo limerudi nusu, unarudia. Mshale mmoja unaweza kukulia jioni kadhaa.

Kuna siri moja ya mshale ambayo ilinichukua muda kuiamini. Ugwe ukiachiwa, mshale hauwezi kwenda mbele moja kwa moja, kwa kuwa upinde wenyewe umesimama njiani. Mshale hupinda ubavuni, ukauzunguka upinde, kisha ukajinyoosha hewani ukipindapinda mara chache kabla ya kutulia. Kwa hiyo ugumu wa wano lazima ulingane na nguvu ya upinde. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, wano gumu mno hupeleka mshale kushoto, na wano laini mno huupeleka kulia. Ndiyo maana babu alipotengeneza upinde alitengeneza na mishale yake, wala hakuazima ya mtu. Alikuwa akilishika wano kwa ncha zake mbili, akalipinda kidogo karibu na sikio, akalitenga upande huu au upande ule. Mikono yake ilijua, na yangu sasa inajua kiasi.

Manyoya matatu hufungwa nyuma, yote ya bawa la upande mmoja, ili mikunjo yake ielekee mahali pamoja na mshale uzunguke ukiruka. Zamani yalipendwa manyoya ya tai. Tai sasa wanalindwa, na wamepungua kiasi cha kusikitisha, basi natumia ya bata mzinga; ya kuku ni laini mno. Mahali pa kupachika ugwe huchongwa kwa kisu chembamba, na chini yake hufungwa uzi uliokazwa ili wano lisipasuke. Mbele, kwa mishale ya watoto, naacha kibonge cha mti kilichochongwa kuwa butu. Chembe cha chuma, kile ambacho wahunzi walikipiga na ambacho baadaye watu walikipata kwa kuponda msumari, sikiweki.

Wala siweki sumu, ingawa haifai kuandika juu ya upinde wa Mgiriama bila kuitaja, maana Wagiriama walijulikana mbali kwa kuitengeneza na kuiuza. Ilitoka kwenye msunguti, mti ambao majani yake huwa mabichi hata wakati wa ukame. Kilichomo ndani yake huushambulia moyo. Kuna panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye nywele ndefu za mgongoni, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni, na mbwa anayemng'ata huugua au hufa. Wataalamu walilithibitisha hilo mwaka 2011. Sumu ya jamaa yake, iliyotumiwa upande wa Zambezi, ilimfikia John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone katika safari iliyoanza mwaka 1858 na ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza huko Zanzibar. Mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo, na alipopiga mswaki akagundua mapigo ya moyo wake yamebadilika. Kutoka hapo watu wa Ulaya wakapata dawa ya moyo. Wazee waliochemsha msunguti hawakuandikwa katika vitabu vya dawa, lakini kujua kwamba kitu fulani huuzuia moyo, na kwa kiasi gani, ni elimu, na walikuwa nayo kabla ya Kirk. Babu alijua kuitengeneza. Hakunifundisha, na alisema wazi kwamba hatanifundisha: "Hii nitaondoka nayo." Naona alifanya vyema. Kuna sehemu za urithi ambazo mzee mwenye busara hazipitishi.

Nyumbani kwangu shabaha ni gunia lililojazwa makumbi ya nazi, limesimama mbele ya ukuta wa matofali, na hakuna njia ya kupita nyuma yake. Watoto hupiga mmoja mmoja, na hakuna anayekwenda kuchota mishale mpaka pinde zote ziwe chini. Mtoto wa miaka kumi au zaidi kidogo anatosheka na upinde wa kilo nane. Napima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, nikiuvuta ugwe kwa ndoano yake. Sheria ambayo siivunji ni kwamba anayetaka upinde lazima asimame mbali na kutazama pindo la upinde wa mwenzake, aweke alama ya mkaa mwenyewe. Mwaka jana binti wa dada yangu, yule dada wa Ganze, aliweka alama mahali ambapo mimi nilikuwa nimepaona pako sawa. Nikarudi nikatazama tena kutoka mbali. Alikuwa ameona vizuri kuliko mimi, na tukapakwangua.

Jambo linalonisumbua sasa ni mti wenyewe. Ganze na Bamba zinakatwa kwa ajili ya mkaa, na mkone hauchaguliwi wala hauachwi. Huondoka pamoja na kichaka chote. Lakini mkone una tabia moja njema: kisiki chake kikiachwa hai, huchipua mashina mapya, na machipukizi hayo ndiyo hunyooka kuliko mashina ya kwanza. Kwa wale wenye mashamba huko bara, wakati wa kusafisha, mkikutana na mkone msiung'oe na mizizi wala msichome kisiki. Ukateni juu kidogo ya ardhi, muuache, mbuzi wasiufikie miaka miwili ya kwanza. Na kama kuna mzee kijijini kwenu ambaye bado anajua kuchonga, mpelekeeni kijana wakati wa likizo, akae naye.